Elfu Mbili Iliyogeuka Mbili



Hivi majuzi alinijia mtoto wa kaka yangu, kijana aliyemaliza kidato cha sita mwaka huu, mkononi ana karatasi aliyoikunja mara nne. Ndani yake majina matano, moja chini ya jingine: PHP, Python, Node, Java, C#. "Shikamoo shangazi," akasema, na kabla sijamaliza marahaba akaendelea. Anataka kujifunza kutengeneza mifumo ya tovuti, ile kazi ya upande wa seva. Ameuliza watu wanne, kila mmoja kamsifia ya kwake na kumkataza za wenzake. "Sasa wewe niambie, ipi ina kasi?"

Nikamwambia akae, chai ipo. Swali la kasi ni la mtu mwenye wageni laki moja wanaobisha hodi kwa mpigo. Mwanafunzi ana swali lake jingine, na ndilo ninalotaka tulizungumze jioni hii: ukikosea, lugha hii itakufanyia nini?

Mimi si mhandisi. Ni karani wa hesabu, na nilianza kujifunza kuandika programu nikiwa na miaka 34, usiku, watoto wakishalala. Lakini daftari la VICOBA, kikundi chetu cha kuweka akiba, nimeliandika mara tatu kwa lugha tatu: PHP, kisha Node, kisha Python. Mara zote tatu nilikosea makosa yale yale, na kila lugha ikanipokea kivyake. Nayaamini niliyoyaona pale kuliko majedwali ya kupima kasi.

Kwa asiyeijua kazi hii, niieleze kidogo. Unapofungua ukurasa kwenye simu, ukajaza fomu na kubonyeza kitufe cha kutuma, ulichoandika husafiri hadi kwenye kompyuta nyingine isiyozimwa usiku wala mchana. Hiyo ndiyo seva. Pale ipo programu inayokipokea, inakikagua, inakwenda kwenye hifadhidata kuandika au kusoma, kisha inakuandalia ukurasa wa kukujibu. Programu hiyo yaweza kuandikwa kwa lugha yoyote kati ya zile tano, na aliyeshika simu asitambue tofauti. Ila naomba ushike jambo moja, maana kisa changu chote kimesimama juu yake. Kila kinachojazwa kwenye fomu hufika kwenye seva kikiwa maandishi, hata namba. Ukiandika elfu mbili kwa tarakimu, kinachofika ni herufi nne zilizopangwa: mbili, sifuri, sifuri, sifuri. Kuzigeuza kuwa pesa ni kazi ya programu.

Basi nilianza na PHP. Niliweka XAMPP, programu ya kuigeuza laptopu kuwa seva ya majaribio, nikafungua faili moja ndani ya folda yake ya htdocs, nikaandika mistari kama kumi, nikafungua kivinjari, na ukurasa ukatokea. Siku ile ile! Kwa niliyoyaonja, hakuna lugha ya seva inayompa anayeanza furaha mapema kiasi hicho, na nasema hivi kwa moyo wote, kwa sababu furaha ile ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye kompyuta usiku wa pili. Baada ya miezi miwili daftari lilikuwa tayari. Kikundi kikakodi nafasi kwenye seva ya kampuni moja, nikapandisha mafaili yangu, tukaanza kazi.

Mweka hazina wetu ni mama wa makamo anayeuza vitenge. Anaandika pesa kama sote tulivyofundishwa kuziandika kwenye risiti: mbili, mkato, sifuri tatu, mkwaju, na alama ya sawasawa mwishoni. 2,000/=. Akaingiza hivyo kwenye simu yake kwa mwanachama aliyekuwa na akiba ya 5,000. Programu yangu ikachukua akiba, ikajumlisha na kilicholetwa, ikaandika 5,002.

PHP inapoambiwa ijumlishe maandishi, huyasoma kuanzia mbele na kuchukua namba inayoiona mpaka ikutane na kitu kisicho tarakimu. Ilikutana na mkato. Mbele ya mkato kulikuwa na mbili tu, ikachukua hiyo mbili. Haikunyamaza kabisa, ilitoa onyo. Kwenye laptopu yangu onyo lile lingetokea juu ya ukurasa, lakini kwenye seva ya kukodi maonyo yalikuwa yamefichwa wageni wasiyaone, na ndivyo inavyotakiwa, yakaenda kuandikwa kwenye faili la kumbukumbu ambalo sikujua kama lipo. Nami nilipokuwa najaribu programu nyumbani niliandika 2000 kavu kila mara, bila mkato wala mkwaju, kwa sababu nilikuwa nikiandika kama mtengenezaji. Sikuwahi kuandika kama mweka hazina.

Tulikwenda hivyo majuma matatu. Jumamosi ya nne, kwenye kikao, nikasoma akiba za wanachama kutoka kwenye skrini. Mama mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema taratibu, "Mwenyekiti, naomba yangu nisomewe tena." Nikasoma tena. Akafungua pochi, akatoa kijitabu chake chenye mihuri. Pale ndipo nilipojua kwa nini kikundi kilikataa kuliacha daftari la karatasi. Lilituokoa. Tulirekebisha hesabu za watu 26, mmoja mmoja, mpaka giza likaingia.

Sasa tuichukue elfu mbili ile ile, twende nayo mlango wa pili.

Node ni JavaScript iliyohamishiwa kwenye seva. JavaScript yenyewe ilizaliwa ndani ya kivinjari cha Netscape mwaka 1995, Brendan Eich akaiunda kwa siku 10. Ndani ya lugha hii alama ya kujumlisha ina kazi mbili: ikikuta namba inajumlisha, ikikuta maandishi inaunganisha. Ukiwa na akiba 5000 iliyo namba na ukaletewa 2000 iliyo maandishi, JavaScript haijumlishi. Inabandika moja ubavuni mwa nyingine, unapata 50002000. Mwanachama wako ameamka na milioni hamsini na elfu mbili. Kosa la namna hii angalau linapiga kelele, kila mtu analiona, tofauti na shilingi mbili zilizojificha nyuma ya elfu tano. Lakini lugha yenyewe haikusema neno. PHP imelikwepa hili kwa kutenganisha kazi: kujumlisha kuna alama yake, kuunganisha maneno ni nukta. Hapo PHP ina busara ambayo wanaoicheka hawaitaji.

Mlango wa tatu, Python. Umepewa namba, umepewa maandishi, unataka kujumlisha? Inakataa. Inasimama palepale, inakwambia mstari wa ngapi, na kwamba namba na maandishi havijumlishwi. Ukiilazimisha igeuze 2,000/= kuwa namba, inakataa tena na kukuonyesha maandishi yenyewe yaliyoishinda. Guido van Rossum alipoitoa Python mwaka 1991 alitaka lugha inayosomeka, na miongoni mwa misingi ambayo watu wake wanaishikilia ni kwamba kosa lisipite kimya. Usiku wa kwanza niliichukia kwa hilo. Baada ya wiki nililala vizuri zaidi.

Java nimeijaribu kwa programu fupi tu, kwa hiyo sitajifanya mjuzi. Lakini pale hufiki hata kwenye kukosea mbele ya watu. Ukisema akiba ni namba kamili, kisha ukaiwekea jumla yenye maandishi ndani yake, programu haitaki hata kujengwa. Unarudishwa mlangoni kabla hujaingia. C# ya Microsoft nayo iko hivyo hivyo. Gharama yake ni maandalizi: ili ukurasa useme "karibu" tu, una mengi ya kupanga kwanza, na mwanafunzi asiye na mwalimu huchoka hapo. Mifumo inayobebwa na timu kubwa kwa miaka mingi huustahimili mzigo huo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambao wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinautumia, umeandikwa kwa Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika Kenya na kwingineko, ni Java pia.

Kijana akaniuliza swali zuri: kwa nini PHP ikabahatisha, badala ya kukataa kama Python? Nadhani jibu liko kwenye kuzaliwa kwake. Mwaka 1994 Rasmus Lerdorf alikuwa na wasifu wake wa kazi kwenye tovuti, akaandika vijiprogramu vya kumwonyesha nani anausoma. Mwaka uliofuata akavitoa hadharani, na jina la kwanza la PHP lilimaanisha zana za ukurasa binafsi. Haikukusudiwa kuwa lugha ya benki. Ilikuwa zana ya kushughulika na fomu, na kwenye fomu kila kitu ni maandishi, kwa hiyo ikawa jambo la huruma kumsaidia mwandishi kwa kukisia alichomaanisha. Kisha Andi Gutmans na Zeev Suraski wakashirikiana naye kuijenga upya, ikatoka PHP 3 mwaka 1998, na watu wakaichukua kwa mamilioni. Facebook ilianza nayo mwaka 2004. Wikipedia inaendeshwa nayo, WordPress ni yake, Moodle ambayo vyuo vyetu vingi vinaitumia kufundishia ni yake. Hata Ushahidi, iliyoanzishwa Kenya mapema 2008 kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, programu yake iliyokuja kuchukuliwa na nchi nyingine iliandikwa kwa PHP. Anayemwambia kijana kwamba PHP imekufa anamdanganya.

Nako Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti kwa Python, kilizaliwa kwenye chumba cha habari. Adrian Holovaty na Simon Willison walikuwa wakifanya kazi kwenye gazeti la Lawrence Journal-World, huko Kansas, Marekani, ambako mhariri akitaka ukurasa mpya aliutaka kesho. Walichokijenga kikatolewa kwa umma mwaka 2005, kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Ndiyo maana Django inakuja na kila kitu ndani ya boksi: kuingia kwa nywila, ukurasa wa msimamizi, ukaguzi wa fomu. Fomu ya Django ukishaiambia kwamba kisanduku hiki ni cha namba kamili, 2,000/= inarudishwa kwa aliyeiandika pamoja na maelezo ya kilichokataliwa. Na ina tafsiri ya Kiswahili, jambo lililonigusa sana nilipoligundua.

Sasa niwasimulie habari ya Chang'ombe, kwa sababu hii ni nzito kuliko elfu mbili.

Mwanachama wetu mmoja alihama Mbagala akahamia Chang'ombe. Nikafungua ukurasa wa kubadilisha anwani, nikaandika Chang'ombe, nikatuma. Skrini ikanijibu kwamba amri ya hifadhidata ina kosa la sarufi. Nikajaribu tena. Nikaandika Temeke, ikakubali. Nikaandika Mbagala, ikakubali. Chang'ombe, ikakataa. Nilikaa na jambo lile hadi saa saba usiku, kisha nikaliona: ritifaa. Ile alama ndogo ambayo bila yake ng'ombe hasomeki.

Programu yangu ilikuwa ikichukua maneno ya mtu na kuyashona moja kwa moja ndani ya amri ya hifadhidata, na ndani ya amri ile maneno hufungwa kwa alama ile ile. Hifadhidata ilisoma Chang, ikakutana na ritifaa, ikadhani neno limekwisha. Ombe ikabaki nje, haijulikani ni nini. Nikacheka, kisha nikaacha ghafla. Kama ritifaa ya mtaa inaweza kulifunga neno, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kulifunga kwa makusudi na kuendelea kuandika. Angeweza kuandika Temeke, ritifaa, mkato, halafu akaiambia hifadhidata kwamba na akiba yake iwe milioni tisa. Ingetii. Wakati huo pesa za akina mama 26 zilikuwa zinategemea kwamba hakuna aliyewaza hivyo.

Dawa yake ni nyepesi. Amri unaiandika ikiwa na nafasi wazi, na maneno ya mtu unayapeleka pembeni yakiwa peke yake, hifadhidata ijue hiki ni kitu cha kuhifadhi wala si amri ya kutekelezwa. PHP ina njia hiyo, inaitwa PDO, imo tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005. Zana za zamani zilizotuzoesha kushona maneno ndani ya amri ziliondolewa kabisa kwenye PHP 7 mwaka 2015. Lakini masomo ya kale bado yanazunguka, na mimi nilijifunza kutoka kwenye somo la kale. Huu ndio ubaya mkubwa wa PHP kwa anayeanza, kuliko lugha yenyewe: ina miaka mingi, na mafundisho yake mabovu hayazikwi. Laravel, kiunzi cha PHP kilichotoka 2011, kinakulinda. Django inakulinda, mradi huandiki amri kwa mkono. Kwenye Node inategemea kifurushi cha programu za wengine ulichokichagua na kama ulisoma maelezo yake.

Kuhusu kasi, kwa kuwa kijana hakuiacha, nilimpeleka kwa muuza chipsi wa pale kituoni. Mtu mmoja, karai moja. Akishatumbukiza viazi hasimami kuyatazama mafuta. Anapokea pesa ya huyu, anampasulia yule mayai, anamkatia wa tatu kachumbari, viazi vikiiva anarudi. Ndiyo Node, ambayo Ryan Dahl aliionyesha Berlin mwaka 2009 akilalamika kwamba seva zinapoteza muda mwingi kusubiri. Foleni inakwenda vizuri sana. Ila mwagize muuza chipsi huyo huyo amenye gunia zima, foleni yote inasimama, kwa maana hakuna mwingine. PHP kwa kawaida hufanya kinyume: kila mteja anapewa mpishi wake, na mteja akihudumiwa mpishi huyo anafuta kila kitu kichwani. Kwa daftari la watu 26, kijana alikiri mwenyewe, yote mawili ni sawa.

Kitakachomgusa zaidi ni mfuko. PHP inakubalika karibu kila mahali panapokodishwa nafasi kwa bei ya chini: unapandisha faili, linafanya kazi. Django na Node mara nyingi hutaka seva yako mwenyewe uisimamie, uiwashe ikizimika, uifunge milango. Na Node ina bando lake la kula. Unaagiza kifurushi kimoja, kinakuja na ukoo wake wote, mamia ya vifurushi ambavyo hukuviomba. Mwezi Machi 2016 kifurushi kimoja cha mistari 11, kazi yake kujaza nafasi mbele ya neno, kiliondolewa na mwenyewe, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa mpaka kiliporudishwa.

Kwa hiyo nilimshauri nini? Nilimwambia aanze na Python. Wiki za mwanzo bila Django, programu ndogo ndogo tu, kisha Django, na asiguse jina jingine kwenye karatasi ile kabla ya mwaka kwisha. Akanitazama. "Lakini daftari la kikundi mpaka leo ni PHP, shangazi." Ni kweli. Nililitengeneza upya kwa PDO, nikaweka ukaguzi kwenye kila kisanduku cha pesa, nikaliacha palepale, kwa sababu nafasi yake tunaimudu na kuna mtoto wa mwanachama mwenzetu anayeweza kulishika nikiugua. Lugha ya kujifunzia na lugha ya kazi iliyokwisha simama si lazima ziwe moja.

Jumapili iliyofuata alirudi na laptopu. Alikuwa ameandika kijiprogramu cha mistari ishirini cha kujumlisha akiba. Nikaomba nikijaribu, nikaandika 2,000/=. Kikafa, kikamwaga mistari mingi ya Kiingereza. Akaona aibu, akanyoosha mkono akitaka kufunga. Nikamzuia, nikamwambia asome mstari wa mwisho kwa sauti. Akausoma pole pole, akaelewa, akaanza kuandika: ondoa mkato, ondoa mkwaju, ondoa alama ya sawasawa, kikibaki kitu kisicho tarakimu, kataa. Nikaandika tena 2,000/=, tukapata 7,000.

Kisha, bila mimi kumwambia, akavuta kompyuta upande wake, akaandika kwa herufi: elfu mbili. Programu ikakataa, safari hii kwa Kiswahili alichokiandika yeye: "Tafadhali andika kiasi kwa tarakimu." Akauliza kama anaweza kujaribu Chang'ombe, nikamwambia atahitaji hifadhidata kwanza.